Aironi saba ya Nairobi, bwawa la Pwani

Mwezi huu wa Agosti tulishuka Pwani na familia, na kama kawaida yangu fimbo za gofu ziliingia kwenye buti kabla ya nguo za watoto, mama watoto akaniangalia tu hakusema kitu. Jumamosi asubuhi mimi na shemeji tukaenda kucheza uwanja mmoja huko, jina nitaliacha manake yaliyonipata ni ya kujitakia.

Mambo yalikuwa sawa mpaka shimo la 12. Pa 3, yaani shimo la kumaliza kwa mipigo mitatu, yadi 150, na ukisimama kwenye tii, pale pa kuanzia, mbele yako ni bwawa tu, maji mazito ya kijani mpaka mdomoni mwa grini, ile nyasi fupi yenye bendera, halafu ule ukingo wa grini umenyolewa chini kabisa, yaani mpira ukigusa pale unarudi majini polepole huku unauona.

Sasa mimi yadi 150 ni aironi saba, ile fimbo ya chuma namba saba (namba ikiwa ndogo mpira unaenda mbali zaidi). Hata uniamshe usiku wa manane nitakwambia saba. Kedi wetu, yaani mbeba fimbo, kijana wa huko huko, akachuma majani kidogo akayarusha juu, yakamrudia kifuani. "Kaka, kusi hii. Chukua tano." Nikacheka moyoni, tano kwa yadi 150 si ni mambo ya wazee hayo.

Nikapiga saba. Ulitoka safi, umenyooka na bendera, mpaka nikaanza kuinama kuokota kijiti cha tii, halafu nikasikia chubwi.

Kumbe kijana alikuwa na hesabu ambayo mimi sina. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira haupati kizuizi sana, kwa hiyo katika zile 150 ninazotamba nazo yadi kama nane hivi au kumi nimekopeshwa na Nairobi. Ukishuka Pwani unadaiwa. Na hapo hujaweka upepo wa kusi unaokuja usoni na kuunyanyua mpira juu badala ya kuuacha uende mbele.

Mtu mwenye akili angebadilisha fimbo. Mimi nikajiambia sikuupata vizuri, nikatoa mpira mwingine, saba tena, na huu niliupata kweli kweli, mikononi sikusikia kitu kabisa. Ukagusa ukingo, ukasimama kidogo kama unafikiria, ukarudi nyuma. Kedi akageuka akaanza kupangusa fimbo ambayo haikuwa na uchafu.

Shemeji naye, ambaye ukiona anavyopiga utadhani anaua nyoka, akazamisha wa kwanza, akaenda nyuma ya vijiti vya manjano vinavyoonyesha mpaka wa maji, akanyoosha mkono usawa wa bega adondoshe mpira. Kedi akamzuia, "Hiyo ya zamani bosi, tangu 2019 ni usawa wa goti." Akadondosha gotini, weji moja, fimbo ya mipira mifupi, akavuka, puti mbili za kusukumia shimoni, na pigo la adhabu ya maji, jumla tano.

Mimi nikanyoosha mkono bila kusema, nikapewa aironi tano. Katikati ya grini. Nikaputi mara mbili, jumla saba, sawa na namba ya ile fimbo.

Najua mnaofuatilia mashindano ya The Players mtaniambia kuhusu lile la 17 pale TPC Sawgrass, Florida. Mchoraji wa viwanja Pete Dye alipokuwa anajenga ule uwanja walichimba sana mchanga hapo pakabaki shimo kubwa, mke wake Alice ndiye akasema si mjaze maji muiache grini iwe kisiwa. Yadi 137 tu na mapro wanazamisha kwa weji. Lakini mapro wanaulizana na makedi wao kila mpira! Mimi nilipewa jibu bure nikalikataa mara mbili.

Nilidhani hayo yataishia pale uwanjani. Kufika nyumbani mama watoto ananipakulia pilau huku anauliza, "Kwani hiyo tano ilikuwa na kasoro gani?" Kaka yake alishampigia simu tukiwa bado shimo la 13.