Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara ya sekondari

Saa 1:00 asubuhi. Ayodini kwanza, kwa sababu kidato cha pili wataitumia kupima wanga kwenye jani saa 4. Ayodini na maji hawapatani: mililita 100 za maji hupokea kama gramu 0.03 tu. Kwa hiyo nayeyusha gramu 2 za potasiamu ayodidi kwenye maji mililita 5 hivi, ndipo naweka gramu 1 ya ayodini na kukoroga mpaka chembe ziishe. Maji mengine yanafuata, hadi mililita 100. Hayo maji machache ya mwanzo ndiyo muhimu, kwani ayodidi ikiwa nzito huidaka ayodini upesi. Ukitanguliza maji yote, utakoroga hadi mapumziko na chembe nyeusi bado zimelala chini. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia.

Saa 2:30. Fenofithalini, kiashiria cha asidi na besi: nusu gramu kwenye ethanoli mililita 50. Ikishayeyuka yote, naongeza maji mililita 50 kidogo kidogo huku nakoroga. Ukianza na maji, unga unaelea tu.

Saa 4:00. Kipindi. Jani linachemshwa kwenye maji dakika moja, lakini rangi ya kijani haitoki kwa maji, inatoka kwa spiriti (ethanoli). Tyubu yenye spiriti na jani inasimamishwa kwenye bika la maji ya moto, na moto wote unazimwa kabla chupa ya spiriti haijafika mezani. Hapo sina mjadala na mtu: spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, na mvuke wake hudaka moto kwa mbali. Jani hutoka jeupe na kavu, linavunjika. Lichovye maji ya moto kwanza, ndipo udondoshee ayodini.

Saa 6:00 mchana. Mrututu (salfeti ya shaba) wa ukolezi wa molari 0.1: gramu 25 kwa lita. Nasaga mabonge, nayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu kama mililita 700, nasubiri yapoe, ndipo najaza hadi alama. Ukijaza yakiwa moto, yakipoa yanashuka chini ya alama na lebo inasema uongo. Maji ni yaliyokenekwa. Ya bomba yana kloraidi, na hayo hutia ukungu mweupe kwenye nitreti ya fedha.

Saa 8:00. Kidato cha tatu na fuwele. Wengi huamini moto huyeyusha kila kitu zaidi. Chumvi ya mezani: gramu 36 kwa mililita 100 kwenye nyuzi 20, na 39 tu maji yakichemka. Shura (nitreti ya potasiamu) huruka kutoka 32 hadi 110 hivi kwenye nyuzi 60. Basi shura ipooze, fuwele zitaota. Chumvi lazima uvukishe maji. Au mimina ethanoli kwenye maji ya chumvi yaliyokolea: papo hapo unga mweupe unashuka, maana pombe imeyashika maji na chumvi haina pa kukaa.

Saa 9:30. Kuosha. Vyombo vya fenofithalini husuuzwa kwa spiriti kabla ya maji. Ukianza na maji, utando mweupe unabaki kwenye kioo.