Gitaa la masalio ya jahazi

Jamani, gitaa langu la kwanza limelia! Shingo ni bambakofi, masalio ya jahazi kule Matondoni, Lamu. Uso ni msonobari wa paleti, nimeuranda hadi milimita 3 hivi, maana ubao mnene hunyonga sauti.

Kazi ilikuwa kupanga vyuma vya shingoni, vile vinavyotenga sauti moja na nyingine. Kila hatua unagawa urefu wa uzi uliobaki kwa 17.817 upate umbali wa chuma kinachofuata, na cha 12 sharti kiangukie katikati kabisa: uzi wangu ni milimita 650, basi 325. Ami yangu, fundi wa majahazi anayepima kwa jicho tu, aliona kikokotoo akacheka: “Mwanangu, waunda gitaa ama wahesabu zaka?”

Nyuzi nene zavuma vizuri, nyembamba bado kali kidogo. Majirani wa Langoni, nivumilieni: mazoezi yaanza leo baada ya isha.