Skrini ya projekta ndani ya dari: tulivyoificha sebuleni kwetu Moshi bila kumtoa baba ukutani

Mama alishuka kutoka Uru Jumamosi moja tukiwa tumeshabomoa siling'i bodi zote za zamani, sebule juu imebaki kenchi tupu, zile mbao za paa, na vumbi la miaka, akasimama mlangoni, akaangalia juu, akaangalia ukutani, swali lake la kwanza likawa, "Mwanangu, sasa hicho kitambaa chako kikishuka, baba yako si utamfunika?"

Nikakosa jibu. Maana picha ya baba iko kwenye ukuta ule tangu tunahamia hapa Rau, na nyumba yenyewe aliijenga yeye, na chini ya picha kuna kabati la vyombo vya mama vya wageni. Mgeni akiingia anakutana na ukuta huo kwanza. Na ndo ukuta pekee wa kushusha skrini, kwa sababu wa kaskazini una dirisha kubwa na asubuhi mlima ukijifunua unaiona Kibo ukiwa umekaa kwenye kochi na chai yako mkononi, huo sikutaka hata kuujadili, wa kusini una mlango, na wa nyuma ndo wa kuweka projekta.

Sinema nilikuwa naitaka kweli. Desemba watu wakipanda kutoka Dar nyumba inajaa watoto, wajomba, mashangazi, na mpira wote mnaukodolea kwenye TV ya inchi 43, wa nyuma wanaulizana nani kafunga. Na AFCON ya 2027 ilikuwa imepangiwa hapa hapa Tanzania, Kenya na Uganda, uwanja ulikuwa unajengwa Arusha hapo jirani. Ila sikutaka sebule ya wazazi igeuke kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea mpira. Jumuiya inasali pale, posa zinapokelewa pale, msiba ukitokea watu wanakaa pale. Nilichotaka ni skrini ya mota, ile ya kitambaa kinachojiviringisha ndani ya kasha, ikihitajika ishuke na ikimaliza kazi ipotee kabisa, mtu asijue kama kuna kitu.

Sasa kosa ambalo nilikuwa nalifanya, na naona wengi wanalifanya, ni kuanza na projekta. Unasaka mtandaoni wiki nzima unalinganisha mwanga na bei, dari unamwachia fundi. Ukitaka skrini ifichike anza na dari, tena kabla bodi hata moja haijapigwa, kwa sababu vitu vyote vinavyoamua kama itafichika vizuri vinakaa huko juu na vikishafunikwa basi.

Chukua futikamba uone mwenyewe. Skrini ya inchi 100 ya umbo la 16 kwa 9 picha yake ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Dari letu liko mita 3 kutoka sakafuni kama nyumba nyingi za huku. Ukiifunga skrini ya kawaida juu kabisa, ule mkanda mweusi wa kitambaa ulio juu ya picha kwenye nyingi ni mfupi, picha itaanzia karibu na dari na mtakaa mmeinua shingo kama mko siti ya mbele kabisa, dakika 90 za mpira mnatoka na maumivu. Ukikaa kwenye kochi jicho lako liko kama mita 1 na kidogo toka chini, picha inatakiwa iwe hapo hapo, jicho liangukie sehemu ya chini ya picha.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. La kwanza, upande ule wa ukuta tukashusha boksi la jipsam sentimita 30, linatoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo linaonekana kama urembo wa dari na mikanda ya taa pembeni, kumbe ndani kuna skrini. La pili, nikaagiza skrini yenye mkanda mweusi mrefu juu, sentimita 60. Piga hesabu: mita 3 toa 30, toa 60, picha inaanzia mita 2 na sentimita 10 na inaishia sentimita 85 toka chini. Kabati la mama lina sentimita 80. Sentimita tano zile nilizipima labda mara kumi.

Fundi jipsam alitaka kulifunga kasha la skrini kwenye blandaringi za boksi, vile vipande vinavyoshikilia jipsam. "Bosi, hii nyepesi, skrubu za jipsam zinatosha kabisa." Nikakataa, hapo sikumpa nafasi. Skrini ya umeme ya saizi hiyo ni zaidi ya kilo 10, na siyo uzito tu, kila inapopanda na kushuka inatikisika, na chini yake wanakaa watoto. Jipsam kazi yake ni kufunika, haibebi kitu. Tulichofanya, mbao mbili za inchi 2 kwa 4 zilizotiwa dawa zikalazwa kuvuka kenchi tatu, zikapigwa bolti, toka hapo vikashuka vyuma vya engo, skrini ikaning'inia kwenye vyuma. Boksi la jipsam linajitegemea lenyewe na skrini inajitegemea yenyewe, hazigusani popote. Na pima maji iwekwe kwenye kasha la skrini lenyewe, siyo kwenye boksi, kasha likiinama kidogo tu upande mmoja kitambaa kinajikunja vibaya na baada ya miezi unaona mawimbi.

Skrini ikishuka inapita sentimita 30 mbele ya ukuta. Hapo ndo jibu la mama likapatikana, hatukumtoa baba, hatukumhamishia korido kama alivyoogopa, fremu iko pale pale, kitambaa kinapita mbele yake.

Projekta ipo kwenye shelfu ukuta wa nyuma, juu ya vitabu. Kila projekta ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha, umeandikwa kwenye karatasi zake, unazidisha na upana. Yangu inaenda mpaka 2.1, zidisha kwa mita 2.21 unapata kama mita 4 na sentimita 64, na sebule ina mita 5 na 40, ukitoa zile 30 za skrini, urefu wa projekta yenyewe na nafasi ya hewa nyuma yake, lenzi inakaa mita 4 na 60 hivi. Imeingia kwa sentimita chache mno. Wenye sebule ndefu zaidi angalieni hili kabla hamjalipia chochote. Na tafuta yenye uwezo wa kuhamisha picha kwa lenzi yenyewe, maana kunyoosha picha kwa menyu unapoteza ukali wake.

Waya wa HDMI toka kwenye king'amuzi mpaka shelfu ya nyuma, ukipanda ukuta na kupita darini na kushuka, ulikuwa kama mita 13. Waya wa kawaida kwa picha ya 4K ukishapita mita 7 au 8 unaanza kusumbua, kwa hiyo ni ule wa fiba, unaopitisha picha kwa mwanga, na huo una upande, kichwa kimoja cha king'amuzi kingine cha projekta, ukiupitisha kinyume hauonyeshi kitu. Jaribu kwanza chini sakafuni ndo upitishe. Na paipu la waya lisiwe lile dogo la milimita 20 ambalo mafundi umeme wanaliweka kila mahali, kichwa cha HDMI hakipiti humo, weka la milimita 32.

Sasa niseme lililoniuma. Boksi lilifungwa likapigwa pati, likapigwa msasa, likapakwa rangi, zuri kweli, hakuna hata mstari. Na hakuna mlango. Nilimwambia fundi aache kimlango cha kufikia mota, akasema kitaharibu sura ya dari na tatizo likija tutajua, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka nikaitikia. Wiki ya tatu tukaibonyeza ishuke, ikashuka, ikafika sentimita 85 haikusimama, ikaendelea, kile chuma cha chini kikatua juu ya kabati na kitambaa kikaanza kujikunja juu yake, mke wangu akakimbilia swichi. Ikabaki alama ya mkunjo kuvuka kitambaa karibu na chini, haionekani sana kwenye picha ila mimi naiona kila siku.

Kumbe mota hizi zina visukurubu viwili pembeni, kimoja kinaamua isimame wapi juu na kingine chini, unazungusha na kifunguo cha pembe sita kama cha baiskeli. Kazi ya dakika tano. Ila vilikuwa ndani ya boksi. Tukaikata jipsam mpya yenye rangi mpya, vumbi jeupe likatanda sebule nzima, makochi, mapazia, kila kitu. Sasa hivi kuna kimlango cha sentimita 40 kwa 40 upande wa mota, kimepakwa rangi ile ile na hakuna mgeni aliyewahi kukiona. Jamani achieni mlango. Na mkiwa mnarekebisha hiyo mipaka, mkaipandisha na kuishusha mara nyingi mfululizo, mota itasimama ghafla na kukaa kimya. Haijaungua, ina kinga ya joto, iacheni ipoe kama dakika 20. Sisi tulishaanza kuirudisha kwenye boksi lake la dukani.

Halafu mjusi. Hili sikulisoma popote. Asubuhi moja nimeshusha skrini nione kama imekaa sawa, katikati ya kitambaa cheupe kuna vinyesi vya mjusi, vile vyeusi vyenye ncha nyeupe, na kimstari kimeburuzwa kutoka hapo kwenda pembeni. Anaingia kwenye ule mwanya wa boksi kufuata wadudu wa taa, anapata joto na giza, anakaa. Nilipangusa kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo sana, bila kusugua na bila spiriti, spiriti inachubua ile rangi nyeupe. Dawa yake ikawa zile brashi za chini ya mlango za kuzuia vumbi, nikanunua mbili, nikazibandika kingo zote mbili za mwanya zikitazamana. Mwanya ni sentimita 6, kila brashi ina sentimita 2 na nusu, katikati panabaki upenyo wa sentimita moja kitambaa kipite bila kuguswa na nywele, na kile chuma cha chini kinazisukuma chenyewe kinapopita. Tangu hapo mjusi hakuna na vumbi limepungua. Kile chuma pia tumekipaka rangi ile ile ya upande wa chini wa boksi, skrini ikipanda juu kinaziba mwanya, unaona kimstari tu kama cha urembo.

Mwanga haukunipa shida sana. Huku kwetu jua linazama kwenye saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, saa 1 usiku giza limeshaingia, na mchana tunatumia mapazia mazito yenye bitana niliyookota Kiborloni kwenye mitumba. Kilichoharibu picha ni dari lenyewe, weupe wake unarudisha mwanga kwenye skrini na sehemu nyeusi za picha zinakuwa kijivu. Tumepaka upande wa chini wa boksi na ukuta wa nyuma ya skrini kijani cha giza kisichong'aa, na picha ya baba imependeza zaidi kwenye ukuta huo kuliko kwenye ile krimu ya zamani, mama mwenyewe kasema.

Cha mwisho ni umeme. Ukikatika skrini ikiwa chini inabaki chini, mkono wa kuizungusha haina. Ilitokea siku ya jumuiya, watu saa 10 jioni wanaingia na rozari zao, umeme umekatika tangu mchana watoto wakiangalia katuni, na kitambaa kinaning'inia mbele ya baba na mbele ya kabati. Mama hakusema kitu siku ile, alivuta tu kiti akakaa akiwa ameipa skrini mgongo. Kesho yake nikamwita fundi umeme akahamishia laini ya mota kwenye inveta pamoja na taa za sebuleni, mota inafanya kazi chini ya dakika moja, haili betri. Na swichi nikaiweka ukutani karibu na mlango, urefu wa mkono wa mama, ya aina ile ambayo ukibonyeza kupanda, kushuka kunajifunga, maana mota ikipewa umeme wa pande zote mbili kwa pamoja inakufa. Rimoti yeye hazitaki, zinapotelea kwenye makochi.

Jumapili iliyopita tuliangalia mpira mpaka usiku, watoto wakasinzia kwenye zulia, mke wangu akawabeba mmoja mmoja. Mama akainuka, akaenda mlangoni, akabonyeza mwenyewe. Kitambaa kikapanda polepole kwa ule mlio wake mdogo, ikatokea kabati, ikatokea fremu, akasubiri mpaka kile chuma kikaziba mwanya juu, ndo akazima taa.