Pantoni ya Woolwich haina tiketi

Pauni 25 ziliniponyoka kabla sijaiona London kwa macho. Nilitoka uwanja wa ndege wa Heathrow nimechoka, nikaona bango la treni ya haraka, nikagusisha kadi kama mtu mwenye hela zake. Robo saa baadaye nikawa mjini, na bado natakiwa kutafuta njia ya Plumstead, kusini mashariki huko, anakoishi mama mdogo. Nilipomsimulia alishika kiuno.

"Zaidi ya elfu themanini kwa robo saa? Mwanangu, treni ya Elizabeth ingekuleta mpaka hapo Woolwich umelala, na karibu nusu ya hela ingebaki mfukoni."

Tusidanganyane, safari ya Ulaya haiwi ya bure. Tiketi ya ndege nilidunduliza miaka miwili, na ada ya viza hairudi hata ukinyimwa. Kitanda nilipewa na ndugu. Asiye na ndugu London hesabu yake ni nyingine kabisa. Ninazosimulia hapa ni siku sita za baada ya hapo, ambazo mama mdogo alizisimamia kwa amri moja: nisipande kitu cha watalii, nipande wanachopanda watu.

Watu wa Plumstead wanapanda basi namba 53. Linaanzia huko huko na kuishia karibu na daraja la Westminster. Nauli ni pauni 1.75, uende vituo viwili au uende mwisho wa njia, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha kadi unahamia basi lingine bila kukatwa tena. Ukizunguka kutwa nzima, makato yakifika pauni 5.25 yanasimama hapo. Noti na sarafu dereva hapokei tangu mwaka 2014, kwa hiyo usimpigie magoti. Nilipanda ghorofani nikakaa kiti cha mbele kabisa, mbele yangu kioo kitupu, matawi ya miti yakija usoni halafu yanagonga kioo na mimi nikiinama kila mara kama mshamba. Tulikata uwanja wa majani wa Blackheath, tukashuka Deptford, New Cross, kisha Old Kent Road na foleni yake. Abiria aliyekaa nyuma yangu alikuwa anagombana na mtu kwenye simu kwa Kifaransa cha Kongo, na mara mbili nilisikia Kiswahili kikichomoza katikati. Safari ilikula saa moja na nusu. Yako mabasi yasiyo na paa yanayozungusha watalii kwa zaidi ya mara kumi ya nauli ile. Sikuona hata moja Old Kent Road.

British Museum hailipishi kiingilio. Ilifungulia umma milango mwaka 1759, na tangu Desemba 2001 makumbusho makubwa ya taifa nchini Uingereza huingii kwa tiketi, ukiacha maonyesho maalumu. Unachotoa ni muda wa kusimama kwenye foleni ya kukaguliwa mikoba. Ndani, umma wote unaelekea kwenye jiwe la Rosetta, lile la maandishi ya kale ya Misri. Nami nilikwenda, nikaona migongo ya watu na simu zilizoinuliwa juu. Nikajitoa, nikaingia chumba namba 2, na humo ndani ya kabati la kioo nikakuta jiwe lingine lisilo na mteja: ukubwa wa ngumi, limebanduliwa upande mmoja mpaka likatoa makali. Kibao kinasema limetoka Olduvai, Tanzania. Lina umri wa miaka milioni 1.8 hivi, na lilipatikana katika msafara wa mtafiti wa mambo ya kale, Louis Leakey, wa mwaka 1931. Ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa kwa mikono katika jumba lote lile.

Nilisimama nikijaribu kukadiria ningelishikaje, kidole gumba kingekaa wapi, pigo lingetua upande gani. Bonde lenyewe Wamasai wanaliita Oldupai, jina la mkonge pori. Sisi shuleni tulikariri tahajia iliyokosewa. Nimezaliwa Temeke na sijawahi kukanyaga huko. Kuna nauli ya Arusha, gari la kukodi, kiingilio cha hifadhi, kila mwaka naahirisha. Nikaja kulionea jiwe lake London, kwa nauli ya basi. Nilisikia aibu kidogo, kisha hasira kidogo, kisha njaa.

Njaa ya mjini kule ni ghali, lakini supamaketi zinauza sandwichi, kitafunwa na kinywaji kwa bei moja, kama pauni 4, na jioni vyakula vinavyokaribia kuisha muda vinabandikwa stika ya njano na bei kushushwa. Maji usinunue. Beba chupa, jaza kwenye bomba la makumbusho. Mambo ya kula yaishie hapo, maana usiku nilikuwa narudi kwenye wali wa nazi wa mama mdogo.

Kanisa la Westminster Abbey mtalii anaingia kwa pauni 30 hivi. Anayekuja kwenye ibada halipi, na ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya iko wazi kwa yeyote. Mimi Mwislamu, nikamuuliza mama mdogo kama huo si ujanja.

"Unaenda kusikiliza au unaenda kuiba?" akanijibu.

Nikaenda kusikiliza. Simu zilizimwa, picha marufuku, na sauti za wale watoto zilipopanda kwenye dari lile refu, ukumbi mzima ulinyamaza, hata kukohoa hakuna. Wakati wa kutoka tulipita ukumbi mkuu, na pale sakafuni nikaona jina ninalolijua tangu darasa la nne: David Livingstone. Maandishi ya kaburi yanasema aliletwa na mikono miaminifu kwa nchi kavu na bahari. Mikono ya nani, halisemi. Bagamoyo tunajua ya nani: Susi, Chuma na wenzao, watumishi wake waliobeba maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wakafika pwani Februari 1874. Nilitaka kusimama zaidi, lakini mhudumu alikuwa anatusogeza mlangoni kwa upole wa mtu anayetaka kufunga.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa vituo vichache tu kutoka nyumbani kwa mama mdogo. Woolwich kuna pantoni. Pantoni kabisa, ya magari na watu, inavuka mto Thames kwenda North Woolwich na kurudi, na haitozi senti. Ilianza Machi 1889. Kisa chake kinanoga: upande wa magharibi, madaraja yaliyokuwa yakitoza ushuru yalinunuliwa kwa fedha za umma yakafanywa ya bure, na watu wa mashariki waliochangia kodi ile ile wakauliza, na sisi je? Wakapewa pantoni. Mwaka 1902, pale Greenwich, ikaongezwa njia ya miguu chini ya mto, kama mita 370, ili wafanyakazi wa kusini wafike bandarini ng'ambo. Nilipita humo pia. Vigae vyeupe, baridi, na hatua za mtu aliye mbali zinasikika kama ziko begani kwako.

Mama mdogo amekaa Plumstead miaka 17 na pantoni hajawahi kuipanda. "Ng'ambo kule nina nini?" Jumapili, siku yangu ya mwisho, nikambembeleza mpaka akavaa koti. Njiani alipapasa mkoba.

"Nauli shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Bure ya wapi? Hata Magogoni wanachukua mia mbili."

Alitafuta dirisha la tiketi, hakuliona. Alimtazama yule kijana mwenye koti la kung'aa, ambaye alituonyesha tu kwa mkono tupite. Tukasimama kwenye reli. Magari yakaingia moja moja, ngazi ikapanda, injini ikanguruma, na harufu ikaja ile ile ya mafuta na maji machafu. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Mama mdogo alifunga mtandio wake vizuri kuzuia upepo, akatazama mbele, akatazama nyuma, akahesabu abiria wa miguu: tulikuwa tisa.

"Pantoni gani hii," alisema, "hata muuza karanga hakuna."

Tuliposhuka ng'ambo hatukwenda popote. Tuligeuka, tukapanga foleni, tukarudi nayo.