Kunyimwa nyumba kwa ubaguzi: ninavyoandaa lalamiko

Hapa Nairobi ni nadra mwenye nyumba akuandikie kwamba hataki kabila lako, dini yako au kiti chako cha magurudumu. Utaambiwa tu, "Imeshachukuliwa." Ndiyo maana ninapomsaidia mtu kuandaa lalamiko sianzi na sheria. Naanza na siku yenyewe aliyokataliwa, kwani ushahidi hupotea upesi.

Tangazo likiwa mtandaoni, lipige picha kwenye skrini kabla halijaondolewa, bei na nambari ya simu zionekane. Kibao cha nyumba ya kupanga kikiwa bado kinaning'inia getini, kipige picha pamoja na geti. Kama ulilipishwa kutazama nyumba, usifute ujumbe wa M-Pesa: una siku, saa na jina la aliyepokea. Hilo jina ni muhimu, maana wenye ploti wengi hujificha nyuma ya ajenti na hujui utamshtaki nani. Kisha andika maneno aliyoyatamka aliyekukataa, kwa lugha aliyoitumia. "Alinidharau" haisaidii. "Aliuliza jina langu la tatu, akasema mwenye ploti anataka watu wa kwao" inasaidia sana.

Jambo ambalo huwa nalisisitiza kuliko yote: siku hiyohiyo, mtu wa kabila au dini nyingine apige simu kuulizia nyumba ileile. Asidanganye, aulize tu kama ipo na ni pesa ngapi. Akiambiwa aje aione, ile "imeshachukuliwa" imekosa miguu. Aandike taarifa yake mwenyewe na kutia sahihi, asiandikiwe na mlalamishi.

Baada ya hapo ndipo tunachagua mlango. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi hata kati ya mtu na mtu, si serikali peke yake. Ukibaguliwa kwa kabila, rangi, dini au taifa ulikotoka, nenda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Sheria yake ya 2008 inagusa mambo ya mali na nyumba. Mwanamke aliyekataliwa kwa kuwa hana mume, au mtu mwenye ulemavu, aende Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, NGEC. Sababu zikichanganyika, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, hupokea malalamiko ya haki zote. Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi kuna sheria ya 2006, inayokataza kumnyima mtu makazi kwa hali hiyo pekee, na ina mahakama yake maalum. Kwa tume hizi hulipi kitu. Anayekudai hela ya "kufungua faili" anakuibia.

Wengi hukimbilia mahakama ya mizozo ya kodi ya nyumba, wanapoteza wiki nzima. Ile ni ya mwenye nyumba na mpangaji, tena kwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500. Aliyekataliwa mlangoni hajawa mpangaji.

Barua yenyewe ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani, nyumba iko mtaa gani na ploti ipi, tarehe, nani alisema nini, mashahidi, na unachotaka. Hapo mwisho ndipo watu huandika "nataka haki" na kuishia hapo. Sema wazi: nyumba, kurudishiwa dipoziti, kuombwa msamaha au fidia. Ambatisha nakala, ubaki na karatasi halisi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Tume zikishindwa, kuna Mahakama Kuu pale Milimani. Katiba, Kifungu cha 22, inasema kesi ya haki za msingi isitozwe ada ya kuifungua. Picha na jumbe za simu zitahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilitolewa kwa kifaa gani na namna gani. Basi usiuze hiyo simu wala kuibadilisha kabla kesi haijaisha.

Mara nyingi tume hujaribu kwanza kuwapatanisha. Nenda, lakini usitie sahihi makubaliano yasiyotaja kiasi, tarehe ya kulipwa na jina la atakayelipa.