Dakika ishirini za nyotamkia

Mawingu yamefunga magharibi yote jioni hii, basi heri kupiga hesabu ya kuipiga picha nyotamkia baada ya machweo kuliko kulalamika.

Nyotamkia haina ahadi. ISON ilisubiriwa kwa hamu kubwa, ikalipita Jua tarehe 28 Novemba 2013 na kusambaratika. Tsuchinshan-ATLAS nayo, katikati ya 2024 wapo waliotabiri kwamba itavunjika. Ikalizunguka Jua tarehe 27 Septemba, na Oktoba watu wakaiona kwa macho matupu. Ndiyo maana tarehe naziamini, mng'ao siuamini. Hata namba ya mng'ao ikitimia, huhesabu mwanga wote kana kwamba umekusanyika kwenye nukta moja, ilhali nyotamkia imeutandaza. Ya mng'ao wa daraja la 4 (namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi) ukiitafuta kutoka katikati ya Kampala, utaumiza shingo bure.

Sisi wa ikweta tuna hesabu yetu. Huku vitu vya angani huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10, sawa na dakika 40. Tuseme Jua linazama saa 12 na nusu na nyotamkia iko ngumi mbili juu ya upeo. Ina dakika 80. Toa 40 za mwanga wa machweo. Toa 20 za mwisho, maana huko chini ukungu na moshi huimeza. Zinabaki 20, na hizo si za kutafutia skrubu ya stendi gizani.

Fokasi basi iwekwe mapema, kwa mkono. Lenga Zuhura kama ipo, au nyota kali yoyote, kuza picha mara 10 kwenye skrini ya kamera, zungusha mpaka nukta iwe ndogo kabisa, kisha bana ringi kwa selotepu. Ile alama ya umbali usio na mwisho kwenye lenzi hudanganya.

Lenzi ya milimita 85 inatosha: tundu lake f/2, wepesi wa sensa kuhisi mwanga ISO 1600. Kupata muda wa kila picha, kwa sekunde, gawa 300 kwa urefu wa lenzi. Hapa ni sekunde 3 na nusu. Kwa kamera ya sensa ndogo (APS-C), zidisha kwanza urefu kwa 1.5, utabaki na sekunde 2 na kitu. Ukipitisha hapo nyota zinakuwa vistari. Piga 30 mfululizo kwa rimoti, faili ghafi za RAW, halafu funika lenzi upige 10 nyingine kwa mipangilio ileile, za kuondoa chengachenga. Katika dakika 2 nyotamkia haijasogea kiasi cha kusumbua, kwa hiyo ukiziunganisha picha kwenye kompyuta, zipangwe kwa kufuata nyota.

Mahali ndipo penye ugomvi. Fort Portal kuna giza zuri, ila Rwenzori imekaa magharibi palepale unapopahitaji. Ufuko wa Ziwa Victoria una upeo tambarare, lakini usiku usio na mwezi unaoutaka wewe ndio huohuo wavuvi wa mukene (dagaa) wanaotoka na taa zao. Na umande: lenzi ikipoa, kioo hufunga ukungu, nyota zote zinavimba, nawe unadhani fokasi imehama. Usiiguse fokasi. Mulika kioo kwa tochi kwanza.