Vitufe Vinane Vilivyonyamaza kwa Mpigo

Kompyuta mpakato niliyoinunua Kariakoo ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, na alama ya pauni iliyo juu ya tarakimu 3 inaonyesha kuwa iliundwa kwa ajili ya soko la Uingereza. Ilikuwa nzima isipokuwa kundi moja la vitufe: R, T, F, G, V na B havikuandika, pamoja na tarakimu 4 na 5. Muuzaji hakulificha hilo, na bei aliishusha, ila alisisitiza kuwa ni vumbi tu.

Vumbi haliui herufi kwa mpangilio huo. Chini ya vitufe kuna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na kitufe hakina waya wake peke yake bali hukaa kwenye makutano ya njia mbili, ambazo hugusana kidole kinapobonyeza. Kwa hiyo uchafu au mpira uliochoka huharibu kitufe kimoja hapa na kingine pale, lakini vitufe vinane vinavyotumia njia moja vikinyamaza pamoja, njia yenyewe ndiyo inayoshukiwa, na mara nyingi chanzo ni chai au soda iliyomwagika zamani, ikakauka na kuacha kutu inayoendelea kuitafuna. Natamani mafundi wetu, kabla ya kushika bisibisi, waanze kwa kuandika kwenye karatasi ni vitufe gani vimekufa, kisha watazame kama vyote ni vya ukoo mmoja.

Hata hivyo, hitilafu ya namna hiyo inaweza kuwa ndani ya kibodi, kwenye mkanda wake bapa wa nyaya, au kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu ambao mkanda huo huchomekwa, na kati ya kubadilisha kibodi na kutengeneza mazabodi gharama hazikaribiani kabisa. Wengi huchomeka kibodi ya nje ya USB, wakiona inaandika wanahitimisha kuwa mazabodi ni nzima. Hitimisho hilo si sahihi, kwa kuwa kibodi ya ndani husomwa na chipu nyingine; kinachothibitika hapo ni kwamba programu hazina tatizo. Jaribio lenye maana ni kusafisha ncha za mkanda kwa isopropili, ile spiriti wanayotumia mafundi wa simu, na zikikauka kuurudisha. Isipofaa, huazimwa kibodi nyingine ya aina hiyo hiyo na kuchomekwa bila hata kukaza skrubu.

Kwa T430 kazi hiyo ni nyepesi. Unachomoa chaja na betri, unafungua skrubu za chini zenye alama ndogo ya kibodi, unaisukuma kibodi kuelekea kioo, kisha unaiinua polepole, maana mkanda bado umeshikamana na mazabodi na mwenye pupa huukata hapo hapo. (Kompyuta nyingi za siku hizi zina kibodi iliyobanwa kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, na kuitoa ni kufumua mashine nzima, mnunuzi wa mtumba alikumbuke hilo anapopatana bei.)

Kibodi ya kuazima iliandika herufi zote, basi nikatafuta ya kununua, na haikuwa adimu kwa sababu ThinkPad nyingine, T530 na X230, hutumia hiyo hiyo. Niliyoipata ni ya mpangilio wa Kimarekani, yenye @ juu ya 2, hivyo ilibidi kubadilisha mpangilio kwenye Windows ili kinachoandikwa kilingane na kilichochorwa. Kabla ya kulipa nilijaribu kila kitufe, pamoja na cha ritifaa ambacho watu hukisahau ilhali bila hicho ng'ombe haandikiki. Ile ya zamani nimeihifadhi, kwa kuwa vitufe vyake vingi na vibano vyake vya plastiki vinaingia kwenye hii mpya bila shida.